Laipo ya tumbo na mgongo hapa Dar: nilicholipia, nilichopata, na usiku ambao simu haikupokelewa

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake. Thieta nawapa nne kati ya tano. Huduma ya baada ya thieta nawapa moja na nusu, na hiyo nusu ni ya nesi mmoja mpole ambaye naamini kabisa alikuwa anatujibu wagonjwa kwa bando lake mwenyewe. Jina la kliniki sitaji, ni ya binafsi, iko hapa hapa Dar, na msinifuate inboksi kuuliza maana sitajibu. Niliyokutana nayo unaweza kuyakuta popote, kwahiyo soma ujue cha kuangalia ukiwa unatafuta ya kwako.

Nilichofanya ni laipo, yani kufyonzwa mafuta kwa bomba, ya tumbo lote, ubavuni, na ile mistari ya mgongoni inayofura juu na chini ya sidiria. Nina watoto, arobaini nimeshaivuka, sikuwa mnene wa kutisha ila nyama uzembe zilihamia kiunoni zikagoma kuhama, gym nimeenda, chapati nimeacha nikazirudia nikaacha tena, maji ya limao na tangawizi nimekunywa mpaka vidonda vya tumbo vikaanza kuninyemelea. Hela ilikuwa ya mchezo wetu wa kikoba pamoja na akiba yangu. Mume alijua, mama mkwe hajui hadi leo, anasema tu kwamba siku hizi nimekuwa na shepu.

Sasa kitu cha kwanza ambacho naona kinawaponza wengi ni kudhani laipo inapunguza kilo. Haipunguzi jamani, au inapunguza kidogo mno. Daktari alinieleza vizuri hapa: kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale ukiyafinya yanajaa mkononi, na kuna mafuta yaliyo ndani kabisa yamezunguka utumbo na ini. Bomba la laipo linachukua yale ya juu tu, ya ndani haliyagusi na likiyagusa ujue kuna msiba. Kwahiyo baba mwenye kitambi kigumu kisichofinyika hata akiuza kiwanja alipe laipo atatoka nacho vilevile. Afu mafuta ni mepesi, lita moja haifiki kilo moja, na kiwango ambacho madaktari wengi wanakiheshimu ni lita tano kwa mara moja, ikizidi hapo unatakiwa ulazwe uangaliwe usiku kucha. Mi nilitolewa lita tatu na ushee na humo ndani kuna maji waliyoniingizia wenyewe, yani siku chache baadae nilipanda mzani nikakuta nimeongezeka kwa sababu ya uvimbe. Nilicheka tu, maana kulia kulikuwa kunauma.

Na msidanganywe kwamba itatibu sukari au presha. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani 2004, wanawake wanene walitolewa mafuta ya tumboni kama kilo tisa hadi kumi hivi, wakapimwa tena wiki kumi hadi kumi na mbili baadae, sukari, presha, lehemu, hakuna cha maana kilichobadilika. Kiuno kilipungua, afya ilibaki palepale. Hii ni huduma ya shepu, ukiielewa hivo hutagombana na mtu.

Kabla ya hii kliniki niliulizia sehemu nyingine kwa WhatsApp. Nikatuma picha, dakika chache tu nimejibiwa bei, tarehe, na maneno "mpenzi hii yako ni rahisi sana, ukilipia wiki hii tunakupa na mikono nusu bei". Hajanishika, hajaniuliza kama nina presha, hajaniuliza kama natumia dawa yoyote, tayari rahisi sana! Nikawapotezea. Hii niliyoenda, mtu wa mapokezi naye alikuwa na ofa zake, nitamfikia, ila daktari alikuwa daktari. Alinisimamisha, akanifinya finya kila upande, akanilaza akasema inua kichwa kama unataka kuamka huku akiwa amebonyeza katikati ya tumbo, afu akasema mama, hapa misuli yako iliachana ulipobeba mimba na haijarudi, hili bonge la chini la kitovu nusu yake sio mafuta, ni utumbo unasukuma kwa sababu ukuta umelegea, laipo haitaliondoa, na hii ngozi yenye michirizi haitajivuta yote, ukitaka tumbo flati kabisa inabidi likatwe na misuli ishonwe, hiyo ni opereshen nyingine na kovu lake ni la kutoka nyonga hadi nyonga. Alikuwa anatafuta ngiri pia, maana mtu mwenye ngiri akiingiziwa bomba bila kujulikana utumbo unatobolewa. Hapo ndo nikaamua huyu anipasue. Alikuwa ananipunguzia matumaini huku mi ndo mwenye hela mkononi, na kila alichosema kimekuja kuwa kweli.

Vipimo ni vingi na vinalipiwa pembeni, wingi wa damu, sukari, figo, ini, damu inaganda vipi, mimba, moyo. Wingi wa damu ukiwa chini wanakurudisha nyumbani ule matembele kwanza. Anakwambia pia uache aspirini na dawa za kundi lake wiki kadhaa kabla, na vidonge vya vitunguu swaumu na virutubisho vya kina dada wa mtandaoni vyote, maana vingine vinafanya damu isigande. Sigara na shisha ndo usiguse kabisa. Kama uko kwenye vidonge vya uzazi wa mpango mwambie, vinaongeza hatari ya damu kuganda mguuni.

Haya, BBL, ile ya kuchukua mafuta yako na kuyahamishia makalioni. Yule wa mapokezi alinishika mkono kabisa akaniambia dada mafuta yako yatamwagwa bure wakati yangeweza kwenda nyuma, ongeza milioni kadhaa tu. Nikamwambia mwanangu niache. Sio kwamba nawasema wanaofanya, kila mtu na mwili wake, ila hii sio laipo ya kuongezewa kitu kidogo, ni opereshen nyingine na hatari yake ni nyingine. Kwenye misuli ya makalio kuna mishipa mikubwa ya damu, mafuta yakishindiliwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mshipa yakaenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu, mtu anafia mezani. Madaktari wenyewe wa upasuaji rekebishi waliunda kamati, 2017 wakatoa makadirio kwamba anakufa mmoja katika kila elfu tatu, kwa upasuaji wa urembo hiyo ni idadi ya kutisha. Florida kule Marekani 2022 wakaamua daktari asizidishe watatu kwa siku na lazima atumie ultrasaundi aone bomba liko wapi. Sasa wewe ulizia unakotaka kwenda kama ultrasaundi ipo mezani au ipo kwenye bango tu.

Siku yenyewe. Unafika hujala, unavuliwa, unapigwa picha bila nguo kila upande, afu daktari anakuchora na maka peni ukiwa umesimama, lazima usimame maana ukilala mafuta yanatawanyika. Hapo heshima yote unaiacha mlangoni. Nilichopenda ni kwamba mtaalamu wa usingizi alikuja mwenyewe kabla, akaniuliza meno ya bandia, pumu, opereshen za nyuma, akanieleza kwamba sitapigwa nusu kaputi kamili, nitapewa dawa ya kunituliza na ganzi ya kumwagiwa ndani ya mafuta. Ukienda mahali daktari huyohuyo ndo mpasuaji, ndo wa usingizi, ndo anapokea simu, vaa viatu uondoke.

Ile ganzi inafanya kazi hivi. Wanatoboa matundu madogo madogo, milimita tatu nne hivi, wanaingiza maji mengi ya dripu yaliyochanganywa lidokeini na adrenalini, lidokeini inaua maumivu, adrenalini inabana mishipa ya damu ili usivuje. Tumbo linajaa linakuwa gumu na baridi. Aliyeleta utaratibu huu ni daktari wa ngozi wa California anaitwa Jeffrey Klein, miaka ya 80. Kabla yake laipo ilikuwepo, Waitaliano na Yves-Gérard Illouz wa Ufaransa waliianzisha miaka ya 70, ila watu walikuwa wanapoteza damu nyingi mpaka wanaongezewa chupa. Siku hizi kinachotoka kwenye mrija ni njano njano yenye wekundu kidogo, nilikiona kwenye chupa, nikajilaumu kwa kila andazi.

Maumivu wakati wa kufyonza? Hakuna maumivu ya kisu, kuna kuvutwa na kukwaruzwa ndani kwa ndani, na daktari anatumia nguvu, mkono unaenda mbele nyuma mbele nyuma hadi kitanda kinatikisika. Karibu na mbavu na kuzunguka kitovu hapo niliona nyota mchana, wakaniongezea dawa. Wakati huo kichwani nilikuwa namkumbuka Stella Obasanjo, mke wa aliyekuwa rais wa Nigeria, alifariki Oktoba 2005 huko Hispania baada ya laipo, bomba liliingia ndani ya tumbo badala ya kubaki kwenye mafuta, na 2009 mahakama ikamtia daktari hatiani. Mke wa rais! Mwenye uwezo wa kwenda popote duniani. Kwahiyo hela na nchi ya watu peke yake havikulindi, kinacholinda ni mkono wa aliyeshika bomba na macho ya wanaokuangalia baadae.

Ila niseme ukweli, thieta yao ilikuwa safi, mashine za kupima mapigo na oksijeni zipo na zinatumika, soksi za kubana miguu nilivalishwa, daktari alikuwa ananiongelesha muda wote, na walimaliza kwa muda waliosema. Nyota nne halali. Moja nimeikata kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi na shuka moja jepesi, yani natetemeka mtu ananiambia vumilia.

Matatizo yalianza pale nilipoambiwa unaweza kwenda nyumbani.

Hakuna aliyeniambia kwamba nitavuja. Nasema kuvuja kweli. Yale maji waliyoingiza hayatoki yote thieta, yanatoka kwenye vile vitundu siku moja hadi mbili, ya rangi ya pinki, mengi mno, na ni kawaida kabisa, ni vizuri hata yatoke, ila mwambie mtu basi! Niliharibu siti ya gari ya watu, dereva alidhani namfia, foleni ya jioni yote ananiangalia kwenye kioo anauliza mama turudi hospitali? Godoro nalo likapona kwa bahati maana dada yangu alikumbuka makintoshi ya uzazi iliyokuwa kabatini. Kwahiyo andaa makintoshi, kanga kuukuu nyingi, pampasi za wazee au pedi kubwa za uzazi, na gari la mtu anayekupenda. Madera uwe nayo ya kutosha ya rangi nyeusi nyeusi.

Kingine hawakusema ni kuhusu lidokeini. Dawa ile inaingia kwenye damu polepole, kilele chake kinaweza kuja masaa kumi na kitu baadae ukiwa umeshafika nyumbani, dalili ni midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, kizunguzungu, kuongea kama mlevi. Ukiona hivo unakimbia hospitali, husubiri asubuhi. Hii nimeijua kwa kusoma mwenyewe baada ya kutoka, karatasi waliyonipa ilikuwa na mistari michache tu ya dawa na namba ya simu. Usilale peke yako usiku wa kwanza, uwe na mtu mzima anayejua aangalie nini.

Kuoga mara ya kwanza ni habari nyingine. Ukivua ile nguo ya kubana unayovalishwa baada ya opereshen, presha inashuka ghafla, unaweza kuanguka bafuni. Kaa kwenye stuli, mlango usifunge, mtu awe karibu. Nilikalishwa nikaogeshwa na dada yangu kama mwali na sioni aibu kusema.

Nguo ya kubana sasa. Wengine wanaita korseti, wengine faja, unaivaa usiku na mchana wiki nne hadi sita, unavua kuoga tu. Mama yangu alipoiona alisema huu si mkaja tu mliouongezea bei, sisi tulifungwa kanga na bibi zetu baada ya kujifungua bure. Sikubishana nae, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili nilitamani kweli iwe kanga. Inawasha, inakata mapajani, chooni kuna tundu lakini usiulize. Kliniki wanakupa moja kwenye bei, ya pili unanunua, na ya pili ni lazima maana moja ikiwa kambani nyingine iko mwilini. Ikijikunja sehemu moja inaacha mfereji kwenye ngozi, mi kamfereji kangu kapo chini ya titi la kushoto hadi leo, kanapungua ila kapo. Sponji la kuweka chini yake ili ibane sawasawa nalo halikuwemo kwenye bei.

Uvimbe unapanda siku za mwanzo, na wiki mbili za kwanza tumbo ni kubwa kuliko ulivoenda. Michubuko ya zambarau inageuka kijani, inageuka njano, na kwa sababu maji yanashuka chini, sehemu za siri zinavimba na kuwa nyeusi, hii hakuna mtu huwa anaisema kwenye zile video za kabla na baada, nikapiga kelele bafuni peke yangu. Ni kawaida, inaisha. Ganzi ya ngozi inakaa miezi, unajikuna husikii, afu inarudi kwa vichomi vya ghafla. Vigumu gumu chini ya ngozi pia vinakuja na vinalainika taratibu. Dawa kali za maumivu zinafunga choo kwahiyo mapapai na maji kwa wingi. Mi kazi nilirudi baada ya wiki na kidogo kwa sababu nakaa ofisini, ila mtu wa kusimama dukani au kubeba vitu aombe zaidi. Kutembea tembea ndani unaanza siku hiyohiyo, hata kama umepinda mgongo, ili damu isigande miguuni. Shepu yenyewe unaanza kuiona vizuri mwezi wa tatu, na kumalizika kabisa inaweza kufika miezi sita.

Masaji. Wanasema ya limfu, ni ya kupapasa taratibu kusukuma maji. Kliniki waliitoza kila ukienda, bei nikaona inanizidi, nikapata mdada wa mtaani anayejitangaza kwa laipo, alinikandamiza kama anafua jinzi, na alipotaka kufungua tena vile vitundu akamue maji nikamsimamisha nikavaa. Kukamua vidonda vilivyoanza kufunga ni kualika vijidudu ndani. Bora usifanyiwe masaji kabisa kuliko hiyo.

Na sasa ile nyota moja na nusu. Kuna usiku mmoja, wiki ya pili, mguu mmoja ukaanza kuuma kwenye kigimbi na ukawa umevimba kuliko mwenzake. Hiyo ndo dalili ambayo hata kwenye karatasi yao iliandikwa ripoti haraka. Nikapiga namba waliyonipa, inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikatuma ujumbe nikajibiwa na mashine "asante kwa kuwasiliana nasi, tunafungua saa mbili asubuhi". Jamani, damu ikiganda mguuni kipande kinaweza kukatika kikaenda kwenye mapafu, hicho kitu hakijui saa mbili asubuhi. Mume akanipeleka hospitali nyingine ya karibu, daktari wa zamu akanipiga ultrasaundi ya mguu, hakukuwa na damu iliyoganda, ila alinikuta na mfuko wa maji ubavuni akanishauri nirudi kliniki wautoe na sindano. Nilivorudi walinitoa hayo maji vizuri tu, yule nesi aliniomba msamaha kwa macho, lakini meneja alichosema ni kwamba namba ile ni ya miadi. Namba ya miadi! Na ndo namba pekee iliyoko kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa. Kwenda kule kwingine nililipa mfukoni, bima hailipii urembo na matokeo yake nako wanaweza kukuzungusha.

Kwahiyo swali la kwanza ukienda kuulizia usianze na bei. Uliza, saa nane za usiku nikiwa na homa nampigia nani, nipe namba nijaribu leo. Na ujaribu kweli. Uliza pia nikizidiwa hapa mezani mnanipeleka hospitali gani, na gari lipo? Nairobi Oktoba 2024 kuna mama alifariki baada ya upasuaji wa aina hii kwenye kliniki ya urembo, habari ilienea sana, serikali ikaagiza uchunguzi na baraza lao la madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki. Wakenya wanaweza kuangalia leseni za madaktari na vituo kwa KMPDC, na kwetu daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muulize jina lake kamili na ubingwa wake ni wa nini. Bingwa wa upasuaji rekebishi ni tofauti na mtu aliyefanya kozi fupi ya urembo, hata kama wote wana koti jeupe na wafuasi wengi Instagram. Na kwa wanaoogopa binafsi, Mloganzila pale wana huduma za upasuaji rekebishi na ile ya puto la kuwekwa tumboni kupunguza unene, foleni yake na utaratibu wake ni wa hospitali ya taifa, ila chumba cha wagonjwa mahututi kiko humohumo ndani, na hicho ndo kitu ambacho kliniki nyingi za kwenye maghorofa hazina.

Bei. Nilitajiwa milioni saba, mwisho wa siku niliachia karibu milioni tisa na nusu ukijumlisha vipimo, korseti ya pili, sponji, masaji chache za kliniki, dawa, ile hospitali ya usiku, na siti ya dereva ambaye nilimlipia kuosha gari. Mtu akikutajia bei mwambie aandike kilichomo na kisichomo.

Matokeo? Kiuno kimetoka inchi 39 hadi 34, mgongo ndo umenifurahisha kuliko vyote, sidiria inakaa kimya sasa, nguo za mkono wa kukata navaa. Upande wa kulia umefyonzwa kidogo zaidi ya kushoto, nikivaa gauni la kubana najua mimi tu na fundi wangu wa nguo. Vitundu vimeacha madoa meusi, ngozi zetu ndo zilivo, daktari alisema yatafifia ndani ya mwaka, na kama una historia ya makovu ya kuvimba sema mapema kabla hujachorwa. Lile bonge la chini ya kitovu lipo kama nilivoambiwa. Chembe za mafuta zilizotolewa hazirudi ila zilizobaki zinanenepa, ukifakamia wali nazi kila siku utaongezeka sehemu ambazo hukuzizoea, rafiki yangu yeye ameongezeka mikono na mgongo wa juu, anashangaa. Na kama bado unapanga kuzaa subiri umalize kwanza, mimba itayavuruga yote.

Nimeulizwa sana kama nitarudi kufanya mikono. Kwa daktari yule yule nitafanya, ameshaniambia pia anapasua hospitali nyingine yenye zamu ya usiku, namsubiria ratiba yake. Kwa kliniki ile hapana. Korseti zangu nazo msiulizie, zimelegea zote na mpira umekatika, nunueni zenu.